Kwa nini nyayo

Mwanangu Rehema,

Marahaba. Juzi uliniuliza kwenye simu: uvimbe ulikuwa kwenye titi, dawa ikapitia mkononi, mbona nyayo ndizo zimekufa ganzi? Nikakujibu "ni dawa tu" kwa kuwa salio lilikuwa linakwisha. Lakini nimefundisha baiolojia miaka 30, na jibu lile limenikaa rohoni. Acha nikujibu vizuri.

Seli ya neva inayohisi kidole gumba cha mguu, mwili wake, ule wenye kiini, uko kiunoni, kando ya uti wa mgongo. Kutoka hapo inatoa uzi mmoja, aksoni, mpaka kidoleni. Kwa mtu mzima uzi huo unakaribia mita moja. Sehemu kubwa ya protini zake hutengenezwa huko juu kwenye mwili wa seli, kwa hiyo mahitaji ya chini lazima yasafirishwe. Njia yenyewe ni mikrotubuli: vijibomba vya protini iitwayo tubulini, vyembamba hivi kwamba ukivilaza 40,000 ubavu kwa ubavu ndipo unapata milimita moja.

Hakuna kijibomba kimoja kinachotoka kiunoni kikafika kidoleni. Mkumbuke bibi yako kule Pangani akisokota kamba za usumba. Unyuzi wa kumbi haufiki shubiri mbili, ila kamba yake ilikuwa ya pima nyingi, kwa sababu nyuzi zinapishana: kabla mmoja haujakoma, mwingine umeshaanza. Aksoni imejengwa vivyo hivyo.

Tofauti ni kwamba usumba hauna mbele wala nyuma. Mikrotubuli ina ncha chanya, inayorefuka upesi, na ncha hasi. Ndani ya aksoni, ncha chanya karibu zote zinatazama mwisho wa uzi. Kwenye dendriti, yale matawi mafupi ya kupokea ujumbe yaliyo katika neva za ubongo, zimechanganyika. Mpangilio huu unanistaajabisha mpaka leo, kwani wachukuzi wa mizigo hawana macho. Wachukuzi hao ni protini: kinesini hutembea kuelekea ncha chanya kwa hatua za nanomita 8, na nanomita ni milimita iliyogawanywa kwa milioni. Dainini huelekea ncha hasi. Geuza kijibomba, na mzigo wa kidoleni utarudishwa kiunoni.

Nani basi anavielekeza? Katika seli zinazogawanyika, mikrotubuli nyingi huchipua kutoka kituo kimoja, sentrosomu. Neva inapokomaa, kituo hicho huacha kazi hiyo. Vijibomba vipya huota ubavuni mwa vilivyopo: protini za augmini hushika kijibomba cha zamani, huleta gama-tubulini, protini ya kuanzishia kijibomba kipya, na mtoto hukua akielekea alikoelekea mama. Ndivyo mwelekeo unavyorithiwa. Protini za CAMSAP hulinda ncha hasi. Ncha chanya hukua, hubomoka ghafla, hukua tena. Tim Mitchison na Marc Kirschner waliueleza mwenendo huo mwaka 1984.

Hapo ndipo dawa yangu inapoingia. Paklitakseli, iliyopatikana kwanza kwenye gome la mti wa magharibi mwa Marekani, hujibana kwenye tubulini na kuzuia vijibomba visibomoke. Seli ya saratani haiwezi kugawanyika bila kujenga na kubomoa, hivyo inakwama na kufa. Namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini tubulini ya neva ni tubulini ileile. Usafirishaji huvurugika, na nyuzi ndefu kuliko zote ndizo huumia mwanzo: nyayo, kisha ncha za vidole vya mikono.

Uliuliza pia nitapona lini. Mzigo wa haraka unaweza kwenda hadi milimita 400 kwa siku. Tubulini yenyewe hutambaa kama milimita moja tu. Wewe mhasibu, piga hesabu mpaka kidoleni, halafu univumilie.

Mikono imeanza kurudi. Leo nimefunga vifungo vya blauzi peke yangu. Nyayo bado. Jumamosi nilikanyaga kigae cha chupa uani, nikajua kwa kuona damu sakafuni. Ukija Desemba niletee viatu vya kufunika, vyepesi, namba 39, nivae hata ndani ya nyumba.

Mama yako