FOLR2 inatoka kila tishu, FOLR1 kwenye ini haipo: praima mbovu au?

Swali: Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa pili masters, napima jeni za vipokezi vya foleti (vitamini B9), yaani FOLR1 hadi FOLR3, kwa qPCR, njia ya kupima wingi wa mRNA. Kwenye ini nilitegemea FOLR1 iwe juu maana ini ndo ghala la foleti, lakini inatoka karibu na sifuri. FOLR2 nayo inatoka kila tishu niliyoweka, halafu FOLR3 inarukaruka, sampuli hii ipo ile haipo na zote ni mapafu. Praima zangu (vipande vifupi vya DNA vinavyochagua jeni ya kupimwa) mbovu au? Na FOLR4 niiweke?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Praima tutazifikia, ila mi naona shida yako ya kwanza ni kwamba unauliza tishu gani wakati jeni hizi zinajali seli gani. Ukisaga kipande cha ini umesaga hepatosaiti (seli kuu za ini), makrofeji (seli za kinga zinazomeza uchafu), mishipa na damu iliyobaki humo, vyote supu moja.

Tuanze na ini. Hepatosaiti haitegemei FOLR1 kuingiza foleti, inatumia visafirishaji vingine, mfano RFC ambayo jeni yake ni SLC19A1, na PCFT ambayo ni SLC46A1, huyu wa pili ndo yule anayefyonza foleti kwenye utumbo mdogo. Hao wanabeba mzigo mkubwa wa kila siku mwilini. FOLR1 ni ya kazi maalum, inashika foleti kwa nguvu sana hata ikiwa kidogo mno, kiwango cha nanomola, halafu inamezwa na seli pamoja na mzigo wake. Kwa hiyo sifuri yako kwenye ini ni jibu sahihi kabisa, usiifute!

Unapotaka kuiona FOLR1 nenda kwenye mirija ya mwanzo ya figo, ambako inaokota foleti iliyochujwa isipotee na mkojo, nenda mapafu, mirija ya uzazi, kondo la nyuma, na pleksasi ya koroidi ndani ya ubongo. Hapo kwenye pleksasi wengi wanateleza, wanachukua kipande cha koteksi, hawaoni kitu, wanaandika "ubongo hauna FOLR1", wakati hicho kitishu kidogo ndo mlango wa foleti kwenda kwenye maji ya ubongo na uti wa mgongo. Mwaka 2009 ilionyeshwa kwamba watoto wenye kasoro kwenye FOLR1 wanapata degedege na kurudi nyuma kimaendeleo, foleti ya kwenye damu iko sawa tu lakini kwenye maji ya ubongo imekauka, na wanatibiwa kwa asidi ya foliniki sio foliki ya kawaida, maana foliniki inaweza kupitia njia nyingine. Kipande kidogo namna hiyo kinabeba ubongo mzima, halafu kwenye grafu ya "ubongo" hakionekani.

FOLR2 sasa. Hii ni ya makrofeji, na makrofeji wako kila mahali, kwenye ini tunawaita seli za Kupffer, kwa hiyo kuiona kila tishu sio ajabu hata kidogo. Kondo la nyuma pia linayo. Endesha CD68, jeni ya alama ya makrofeji, pembeni, kama FOLR2 inapanda na kushuka nayo basi umepima wingi wa makrofeji, hujapima ini wala mapafu.

FOLR3 haina nanga ya GPI inayowashikilia wenzake wawili kwenye utando wa seli, protini yake inatolewa nje, na inatoka kwenye seli nyeupe za damu kama nyutrofili. Kwa hiyo kurukaruka kwako mi ningeshuku damu kwanza, sampuli moja ilioshwa vizuri nyingine ilikuja na damu tele au ilikuwa na uvimbe. S100A8, jeni ya alama ya nyutrofili, itakuonyesha kama ni hivyo.

FOLR4 itoe. Ilibebeshwa jina kwa kufanana sura na nduguze lakini haishiki foleti, mwaka 2014 wenzetu wa taasisi ya utafiti ya Sanger kule Uingereza walionyesha ndo kipokezi cha yai kinachoishika protini Izumo1 ya mbegu ya kiume, siku hizi inaitwa Juno, na jeni ni IZUMO1R. Sio ya mada yako.

Haya, praima. FOLR1, 2 na 3 zimekaa jirani kwenye kromosomu 11, eneo la q13, na zinafanana sana kwa mfuatano, hivyo praima ukiiweka katikati ya sehemu inayotengeneza protini inaweza kushika mbili kwa mpigo. Weka angalau moja kwenye mkia wa 3' usiotafsiriwa, zinapotofautiana zaidi, halafu peleka bidhaa ikasomwe mfuatano, usiridhike na kilele kimoja kwenye kurva ya kuyeyuka. Na piga DNase, kimeng'enya kinachoondoa DNA iliyobaki kwenye RNA yako.

Kontroli chanya tumia seli za maabara za HeLa, zina FOLR1 ya kutosha. Ukipewa seli za KB ukaambiwa ni saratani ya mdomo, jua ni HeLa hizo hizo zilizochafua chupa zamani. Ila angalia midia, yaani chakula cha kukuzia seli: RPMI 1640 ina asidi foliki miligramu 1 kwa lita, hiyo ni mikromola mbili na kitu, wakati damu ya mtu inatembea na nanomola makumi tu, na seli zilizoshiba hivyo zinaweza kushusha kipokezi. Tafuta RPMI isiyo na foliki, uongeze seramu tu.

Mwisho, mRNA haikuambii protini imekaa upande gani wa seli. Kwenye figo na mapafu FOLR1 inakaa upande wa juu, unaotazama mkojo au hewa, damu haiigusi kirahisi, lakini seli ya saratani ya ovari imepoteza mpangilio huo na kipokezi kinabaki wazi. Ndo maana mgonjwa wa kupewa mirvetuximab, dawa ya saratani ya ovari inayolenga FOLR1 iliyoruhusiwa Marekani Novemba 2022, hapimwi kwa qPCR bali kwa kupaka rangi kipande cha uvimbe, na angalau asilimia 75 ya seli lazima zichukue rangi ya wastani au kali. Kama bajeti inaruhusu paka rangi hata slaidi tatu za figo na tatu za ini, msimamizi wako akizitazama hatauliza tena habari ya sifuri.