Jike Akikosa pa Kukimbilia: Niliyojifunza kwa Kufuga Nkejje

Jike wangu wa kwanza nilimkuta alfajiri amejibana nyuma ya chujio, pezi la mkia limeliwa hadi shina na magamba ya ubavuni yametoka. Magharibi ilipoingia alikuwa amekufa. Dume alikuwa katikati ya tangi, rangi zimekolea, mwekundu begani, anajitikisa kama bwana harusi. Nilimchukia yule samaki wiki nzima.

Kumbe kosa lilikuwa langu. Niliwanunua wawili, dume na jike, kama mtu anavyonunua njiwa, na muuzaji wangu hapa Kampala aliniambia pea inatosha, watazaana wenyewe. Kwa njiwa, sawa. Kwa nkejje, samaki wadogo wa ziwani ambao wenzetu wa Tanzania huwaita furu, kumpa dume jike mmoja ni kumchimbia jike kaburi.

Tazama wanavyoishi ziwani. Dume hushika mwamba wake na kuulinda. Jike mwenye mayai huja, hutaga, huyaokota mayai kwa kinywa, kisha hudonoa yale madoa ya manjano yaliyo kwenye pezi la chini la dume, yanayofanana na mayai. Hapo ndipo mbegu inapoingia na mayai yanarutubishwa mle mle kinywani. Halafu jike anaenda zake. Hakuna ndoa hapo, na malezi ni ya mama peke yake. Ndani ya vioo vinne, hiyo "anaenda zake" haipo. Dume anamchezea, jike hayuko tayari, na hawezi kuondoka. Machoni pa dume, asiyekubali na asiyeondoka ni mvamizi. Kwa hiyo siku hizi sijiulizi tena namna ya kumtuliza dume. Najiuliza jike ataenda wapi.

Ninaofuga ni nkejje wa aina ya Astatotilapia latifasciata, wenye milia mieusi, asili yao hapa hapa Uganda: Ziwa Kyoga na kiziwa cha Nawampasa kilicho karibu nalo. Tangi nilitengenezewa na fundi wa vioo, sentimita 120 kwa 40 kwa 50, yaani lita 240. Humo nina dume mmoja na majike watano. Akimkimbiza mmoja, wa pili anakatiza mbele yake, anamsahau wa kwanza. Ghadhabu ni ile ile, ila imegawanywa. Chini ya majike watatu mimi sijaribu tena.

Madume wawili ndiyo hesabu mbaya kuliko zote. Mmoja atatawala, mwenzake atapauka rangi na kuishi kwenye kona ya juu mpaka afe. Weka mmoja, au uwe na tangi kubwa uweke wengi.

Mawe nilikuwa nimeyapanga vizuri upande mmoja, kama picha. Upuuzi mtupu! Upande wa pili ukabaki uwanja wa kukimbizana. Sasa nina marundo mawili yanayokaribia uso wa maji, na katikati yake vigae vya chungu kilichovunjika. Dume akiwa kushoto haoni yaliyo kulia. Nimeongeza vipande vya bomba la plastiki, vyote wazi pande zote mbili, kwa sababu bomba lenye mlango mmoja ni mtego. Matundu kadhaa niliyaacha membamba makusudi: jike anapita, dume mwenye kifua kipana anakwama.

Nikileta samaki mpya, namtoa dume kwanza, namweka kwenye tangi dogo siku tatu, nahamisha mawe yote, kisha naingiza wapya usiku taa zikiwa zimezimwa. Dume anarudi wa mwisho. Anakuta mji umebadilika na yeye ndiye mgeni. Inamchukua siku kadhaa kudai mwamba upya, na majike wameshajua vichochoro.

Wengi husema jaza samaki wengi, hasira itapungua. Ni kweli, lakini uchafu nao unaongezeka. Mimi hubadilisha maji karibu theluthi moja kila wiki, maji ya bomba yaliyokaa kwenye pipa siku nzima pampu ya hewa ikiyatoa mapovu ili klorini itoke. Na umeme wetu mnaujua. Pampu ya betri nunua kabla ya kununua samaki.

Jike aliyebeba mayai utamjua: taya limevimba, hali chakula, anajitenga. Hubeba wiki mbili hadi tatu hivi. Wapo wanaomhamisha siku ile ile. Mimi sikubaliani nao. Akishtuliwa mapema huyatema mayai au kuyameza. Nasubiri siku kumi hivi, kisha namchota usiku kwa bakuli, si kwa wavu. Ila akiteswa kabla ya hapo simngojei. Na baada ya kuachia watoto usimrudishe kesho yake, maana amekonda kwa njaa na dume atamwona kama jike mpya wa kuchezewa. Mwache ale wiki nzima.

Jirani yangu mmoja alisimama mbele ya tangi siku moja akacheka: "Nkejje tunamlisha mtoto mwenye surua, wewe ndiye unayemlisha yeye?" Sikuwa na jibu.

Haya yanawafaa pia mbuna, samaki wa miambani wa Ziwa Malawi, ambao ni wakorofi zaidi. Lakini Julidochromis, samaki wa Ziwa Tanganyika, ni jambo jingine kabisa, wale hufunga ndoa. Nunua sita wakiwa wadogo, waache wachaguane, kisha uwaondoe waliokosa wenza.

Ukishindwa na dume, mrudishe dukani au mpe mfugaji mwingine. Usimmwage ziwani. Sangara, samaki mkubwa anayekula samaki wenzake, aliletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 nkejje wa aina nyingi walikuwa wametoweka.

Yule dume muuaji ninaye bado. Leo asubuhi alimfukuza jike mmoja kutoka mwamba wa kushoto, jike akapinda nyuma ya rundo, akapenya kwenye kigae. Dume alizunguka mara mbili, akachoka, akarudi kwake. Yule jike taya limevimba, na leo ni siku ya nne.