Bakuli Linanguruma, Vifuniko Havipandi

SWALI: Ninakamua na kufungasha mafuta ya alizeti hapa Kizota. Nimenunua mashine iliyotumika kutoka Marekani, yenye bakuli linalotetemeka ili vifuniko vya chupa viweze kupanda na kujipanga vyenyewe. Nimeiunganisha kwa transfoma inayoshusha umeme hadi volti 120, lakini bakuli linanguruma tu, vifuniko vinajikokota, na koili inapata moto. Fundi anasema tubadilishe koili. Je, ni sahihi?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Usinunue koili kwanza. Transfoma imekupatia volti sahihi, lakini haibadilishi masafa ya umeme, yaani idadi ya mizunguko yake kwa sekunde, ambayo Marekani ni hezi 60 na kwetu ni hezi 50. Kwa kawaida sumaku ya koili iliyo chini ya bakuli huvuta mara mbili katika kila mzunguko wa umeme, hivyo bakuli lililoundwa litetemeke mara 120 kwa sekunde sasa linavutwa mara 100. Ni kama kumsukuma mtoto kwenye bembea bila kufuata mwendo wake: unachoka, naye hafiki juu.

Chungulia chini ya bakuli. Utaona springi za vyuma bapa, mfano wa zile za lori, zimesimama kwa mshazari. Hizo ndizo zinazolirusha bakuli juu na mbele, kisha kulirudisha chini, na kila kifuniko huruka hatua ndogo isiyoonekana kwa macho. Kwa umeme wetu springi hizo ni ngumu mno. Zima umeme, legeza kidogo bolti moja ya springi, kisha washa: vifuniko vikichangamka, hiyo ndiyo kasoro yako. Ugumu wa springi zote unapaswa kupungua kwa karibu asilimia 30, kwa hiyo punguza bapa mojamoja, ukizingatia pande zote zilingane, na ujaribu kila mara.

Mwenye uwezo, kwa maoni yangu, asiguse springi kabisa. Anunue kidhibiti kinachozalisha masafa yake chenyewe na kukiweka hezi 60. Kabla ya hapo shusha umeme hadi volti 100, kwa sababu masafa yakipungua koili hunywa mkondo mkubwa zaidi, na ndiyo maana yako inachemka.

Zaidi ya hayo, futa mafuta kwenye njia ya vifuniko; penye utelezi, hata mashine iliyorekebishwa vizuri haipandishi kitu.