Majani ya waridi yanaungua kingo: dawa ya nini?

SWALI: Nina mawaridi madogo sita kwenye vyungu, nimeyapanga barazani. Majani ya chini yanakauka kingoni kisha yanadondoka. Namwagilia maji ya kisima kila asubuhi. Muuza miche wa barabarani ameniuzia dawa aliyoitia kwenye chupa ya maji ya kunywa. Jirani naye anasema maua yana njaa, niongeze urea. Nimsikilize nani? – Msomaji, Mbezi Beach

JIBU: Usimsikilize hata mmoja, dada. Yaonje kwanza hayo maji ya kisima. Visima vingi vya ukanda wetu wa pwani vina chumvi, na waridi haliivumilii. Maji yakikauka, chumvi inabaki chunguni, na kesho unaongeza nyingine. Waridi la uwanjani husafishwa na masika. La kwako liko chini ya paa, mvua hailifikii. Tazama mdomo wa chungu na udongo wa juu: ukiona utando mweupe, mchawi ndiye huyo.

Hili la njaa linanichosha, maana nalisikia karibu kila wiki. Jani likibadilika rangi tu, watu wanakimbilia mbolea. Mbolea ya dukani nayo ni chumvichumvi. Ukiitia kwenye chungu kidogo ambacho tayari kimejaa chumvi, mizizi inashindwa kunyonya maji, na mti unanyauka kwa kiu huku udongo umelowa. Mwenye ua akiona hivyo anaongeza kijiko kingine, na hapo ndipo linapokufa.

Toa vyungu nje, hakikisha matundu ya chini hayajaziba, kisha mimina maji ya bomba au ya mvua polepole mpaka yachuruzike kwa wingi. Subiri yatoke yote, urudie mara mbili tatu. Tangu hapo kinga maji ya mvua kila unapoweza, mwagilia udongo wala si majani, na uache mbolea mpaka uone machipukizi mapya. Yakishatoka, mboji iliyoiva vizuri inatosha. Jua la asubuhi linayafaa, la mchana uyapunguzie.

Sasa hiyo chupa. Aliyekuuzia hakugeuza hata jani moja. Ukungu huleta madoa meusi ya mviringo. Utitiri, vijidudu vidogo mno vinavyofyonza majani, huacha vidoadoa vyeupe na utando mwembamba chini ya jani, na dawa nyingi za wadudu haziuui: zinaua wadudu wanaoula, kisha unazaliana maradufu. Kingo zilizoungua kwa chumvi hazina dawa ya kupuliza.

Kinachoniudhi zaidi ni hicho chombo. Kiuatilifu halali kimesajiliwa na TPHPA, mamlaka ya serikali inayosimamia afya ya mimea na viuatilifu, na kina lebo inayotaja kiambato, kipimo na huduma ya kwanza. Kilichomiminwa kwenye chupa ya maji hakina lolote kati ya hayo, na mtoto mwenye kiu hawezi kujua kilichomo. Mtu akikinywa, hata daktari atabaki kubahatisha sumu gani anaitibu. Biashara hii imezagaa mjini na wanunuzi ni watu wazima wenye watoto nyumbani.

Usiipulize, usiimwage mtaroni, wala usiiweke jikoni. Ifunge vizuri, andika SUMU kwa herufi kubwa, ifungie juu wasikofika watoto, kisha muulize ofisa kilimo wa kata yako namna ya kuiteketeza.