Flashi inayogoma kuandika kwenye Ubuntu

Kaka, umesema flashi inafunguka na mafaili unayaona, ila ukitaka kukopi kitu ndani unaambiwa ni ya kusoma tu, tangu uitoe steshenari pale Kirumba. Usiifomati kwanza. Ichomeke, fungua terminali (dirisha la kuandikia amri), andika sudo dmesg | tail. Ukikuta "Write Protect is on" na flashi haina kile kiswichi cha pembeni, mara nyingi chipu ndiyo inakufa: okoa vitu vyako, nunua nyingine. Ukikuta "not properly unmounted", afadhali. Mtu kaichomoa bila kuiaga, yaani bila kubonyeza Eject kwanza. Tafuta jina lake kwa lsblk, tuseme sdb1 (soma ukubwa vizuri, usije ukagusa diski ya kompyuta), kisha iachanishe na mfumo na uirekebishe:

sudo umount /dev/sdb1
sudo fsck.vfat -a /dev/sdb1

Hiyo ni ya flashi iliyofomatiwa kwa FAT32. Kama ni exFAT, tumia fsck.exfat.

Yale mafaili ya .lnk (njia za mkato) yenye majina ya mafolda yako ni kazi ya virusi vya Windows. Kwenye Linux, ambayo Ubuntu ni mojawapo, hayafanyi kitu, na mafolda halisi yapo hapo hapo, futa tu hayo ya .lnk. Flashi yangu ilirudi nayo matano siku niliyokwenda kuchapa barua moja, ukurasa mmoja! Sasa ya kuchapia ni ya GB 4, ina PDF ya siku hiyo basi. Ile yenye vyeti nimeifunga kwa LUKS (njia ya Linux ya kufunga diski kwa nywila) kupitia programu ya Disks. Ujue kufunga huko kunafuta kila kitu kilichomo, na Windows haitaifungua.