Jibu: Koili moja ya jiko la umeme haipati moto

Salaam. Umeeleza kwamba koili moja ya jiko lako haipati moto ilhali nyingine tatu zinafanya kazi. Kabla ya kununua mpya, zima swichi kuu ya jiko (kuzima kitufe cha koili pekee hakutoshi), subiri lipoe kabisa, kisha uichomoe koili hiyo na kuichomeka mahali pa nyingine yenye ukubwa uleule. Ikikataa hata huko, imeungua. Ikipata moto, tatizo liko kwenye soketi yake, waya au swichi ya kurekebishia moto. Zikague ncha mbili za koili: zikiwa nyeusi au zimelika, huenda soketi nayo imeungua, na koili mpya ikichomekwa humo itaharibika vilevile. Soketi mimi humwachia fundi umeme. Koili usiitumbukize majini.