Nyumba ya ziwani au ya Gungu?

SWALI: Shangazi shikamoo. Mimi na mume wangu tumechoka kupanga, tuna watoto watatu na mama mkwe anakaa nasi, mguu unamsumbua. Tumepata nyumba mbili. Moja iko huku Gungu, vyumba vitatu, uzio haujaisha ila shule ya msingi unaiona ukiwa barazani na soko la Mwanga unapanda boda tu unafika. Nyingine iko kule chini Kibirizi, vyumba vinne, tailizi mpaka jikoni, ziwa liko pale pale na bei yake ndogo kuliko ya Gungu. Mume kashaipenda hiyo na muuzaji anatuharakisha, eti kuna mteja mwingine. Tufanyeje?
Mama wa watatu, Kigoma

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo bei ndogo ndo imenishtua, nyumba kubwa yenye tailizi iwe rahisi kuliko ya Gungu isiyo na uzio kwa nini? Ziwa letu la Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea maji, mto Lukuga upande wa Kongo, sasa mvua zikizidi miaka mfululizo linajaa taratibu na likijaa halishuki kwa wiki moja, si unakumbuka 2020 na 2021 maji yalivyopanda mpaka watu wa mwambaoni wakahamisha vyombo. Kwa hiyo nenda mchana, inama, angalia ukuta wa nje kwa chini. Ukikuta rangi mpya kuanzia msingi mpaka usawa wa magoti na huko juu rangi ni ya zamani, gusa kwa kucha, plasta ikimomonyoka kama unga basi maji yashaingia humo. Mimi yalinikuta hayo kwenye nyumba niliyopanga zamani, godoro la mtoto lilikuwa linaamka na unyevu kila siku na kifua hakikumwacha, mpaka leo naumia nikikumbuka.

Halafu kuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa hairuhusiwi shughuli ya kudumu. Ukinunua humo umenunua kesi. Bikoni, zile alama za mipaka ya kiwanja, mkazione kwa macho, na namba ya kiwanja mpeleke ofisi ya ardhi ya manispaa wawaambie ni cha nani, maneno ya dalali msiyategemee. Muuzaji kama ana mke, huyo mke lazima aridhie, Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mmoja auze nyumba ya familia kimya kimya.

Ya Gungu mimi naipenda, uzio utaisha polepole. Ila usiipende kwa sababu ya shule peke yake. Ingia jikoni asubuhi ufungue bomba, uulize majirani maji yanatoka siku ngapi kwa wiki, na siku mvua imenyesha mchukue mama mkwe mtembee naye kutoka mlangoni mpaka anapoweza kupanda bajaji, uone mguu wake unamfikisha au udongo unamtelezesha, maana yeye ndo atakayeshinda hapo kutwa nzima nyie mkiwa kazini.

Huyo mteja mwingine mwacheni anunue. Advansi msitoe kwanza, Jumamosi mchukue futi kamba na mumeo mkapime kutoka ukingo wa maji mpaka ukutani, halafu niandikie mmepata mita ngapi.